Kuamka saa 10 alfajiri hakukuongezei muda

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kijana wa idara ya mauzo, katikati ya semina: "Mwalimu, mimi naamka saa 10 alfajiri kama tunavyoshauriwa. Mbona kazi haziishi?" Nusu ya ukumbi wakaitikia kwa vichwa. Nikamuuliza jana alilala saa ngapi. Saa 6 usiku.

Jibu lilikuwa hapo hapo, na siku nyingine ningeishia hapo. Lakini nafundisha watu kupanga muda wao wa kazi, na imani hii kwamba kuamka mapema huongeza muda nakutana nayo kila ukumbi ninaoingia. Inachosha watu wema wanaojituma, kisha inawaambia tatizo ni uvivu wao.

Siku ina saa 24. Aliyelala saa 6 akaamka saa 10 hajaongeza chochote, amehamisha saa kutoka kitandani kwenda mezani. Huo ni mkopo wa kausha damu: unaupokea alfajiri, unaanza kukatwa saa 7 mchana, na riba yake inazidi ulichochukua.

Mwaka 2003 mtafiti wa usingizi Hans Van Dongen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 48 wenye afya njema. Kwa siku 14 mfululizo, wengine waliruhusiwa saa 8 kitandani, wengine 6, wengine 4, na kundi jingine likakeshwa siku 3 bila kulala kabisa. Mchana walipimwa tena na tena kasi ya kuitikia na uwezo wa kushika mambo kichwani. Wale wa saa 6, ambao wengi wetu tungewaona wanalala vizuri tu, kufikia mwisho wa wiki mbili walikuwa wakizubaa kama mtu aliyekesha usiku mzima. Walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo. Hisia ya kuchoka ilipanda siku za mwanzo kisha ikatulia. Makosa hayakutulia, yaliendelea kuongezeka.

Kwa hiyo tafadhali, usiniambie "mimi nimeshazoea kulala kwa saa 4 tu". Nimeambiwa hivyo na mameneja, na wachungaji, na wanafunzi wa uzamili. Mwenye usingizi mchache ndiye shahidi dhaifu kuliko wote wa hali yake mwenyewe.

Huwa nawaomba watu waandike kwenye daftari walichofanya, si walichopanga kufanya. Mhasibu mmoja anayeishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, aliniletea ukurasa huu: saa 10:00 alamu. 10:10 kahawa. 10:20 ripoti ya mwezi. 10:25 simu, kundi la familia. 10:55 ripoti. 11:15 kuoga, kuondoka. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko uliolala: saa 8 mchana, kulinganisha taarifa ya benki na vitabu, nimerudia mara tatu, namba zinakataa. Hesabu mwenyewe. Alfajiri alipata dakika 25 za ripoti, tena akiwa bado na ule uzito wa kichwa unaomkaa mtu kwa muda baada ya kuamshwa na alamu. Mchana akapoteza saa mbili kwa kazi anayoifanya vizuri kila mwezi. Na alichokilaumu ni wali wa mchana.

Sasa hoja ninayoipigania kuliko zote. Wahamasishaji wanasema binadamu ameumbwa kuamka alfajiri, na anayechelewa ana kasoro ya tabia. Twende Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2017 mwanaanthropolojia David Samson na wenzake walichapisha utafiti wa Wahadzabe watu wazima 33, waliovaa vifaa vidogo mkononi vya kurekodi usingizi kwa siku 20. Hawa ni wawindaji na warina asali, hawana umeme wala runinga. Katika saa zaidi ya 220 zilizochunguzwa, kipindi ambacho wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja kilikuwa dakika 18 tu. Karibu wakati wowote mwingine wa usiku palikuwa na watu kadhaa macho au wenye usingizi mwepesi. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana wakachelewa. Watafiti wanaona huenda hii ilikuwa kinga: kambi haikosi mtu wa kusikia fisi akikaribia.

Fikiria maana yake ndani ya nyumba yako. Kijana wa miaka 20 ambaye kichwa chake kinachangamka saa 4 usiku si lazima awe mkaidi. Mtafiti wa saa ya mwili, Till Roenneberg wa Munich, alionyesha mwaka 2004, kwa takwimu za maelfu ya watu wa Ulaya, kwamba tabia ya kuchelewa kulala huongezeka ujanani, hufika kilele karibu na miaka 20, kisha hurudi nyuma taratibu. Baba wa miaka 55 anayemwamsha mwanawe kwa maji ya baridi anamhukumu kwa saa ya mwili wake yeye. Sisemi kijana asiamke kwenda chuo. Nasema tusiite tofauti ya miili upungufu wa nidhamu, maana akishaamini hivyo anaacha kutafuta saa yake nzuri ya kusoma, na anaweza kuwa nayo jioni.

"Lakini waliofanikiwa wote huamka mapema." Mama wa maandazi huamka saa 9 usiku. Wavuvi na madalali wa soko la samaki la Feri wameshafika kabla ya mwanga, kondakta wa daladala ya kwanza hali kadhalika. Kuamka mapema si bidhaa adimu katika jiji la Dar es Salaam, na kungekuwa kunatajirisha tungeshaona. Anayesimama jukwaani kutueleza ratiba yake ana dereva, ana mpishi, na ana dada wa kazi anayeandaa watoto. Hicho ndicho kinachompa saa mbili za ukimya.

Waislamu wenzangu huniuliza kuhusu swala ya Alfajiri, na ni swali zuri. Jibu liko katika mafundisho yenyewe: Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Utaratibu ule una pande mbili, na sisi tumechukua upande wa kuamka tu, baada ya Isha tunaanza tamthilia. Pia kuna qailula, ule usingizi mfupi wa mchana. Nusu saa yake inamsaidia aliyeamka mapema kuliko kikombe cha tatu cha kahawa.

Nina shaka moja. Namba ya angalau saa 7 za usingizi kwa mtu mzima, ambayo mashirika mawili ya Marekani ya tiba na utafiti wa usingizi yaliitangaza mwaka 2015, naitumia kwenye semina kwa tahadhari. Mwaka huo huo ulitoka utafiti wa jamii tatu zisizo na umeme, Wahadzabe wakiwamo pamoja na Wasan wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia. Usingizi wao halisi ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1. Wanaotetea usingizi mfupi wameushika kama ushindi. Lakini muda wao wote wa kulala, tangu kusinzia mpaka kuamka, ulikuwa kati ya saa 6.9 na 8.5, na kupima kwa kifaa ni tofauti na kumuuliza mtu "unalala saa ngapi", kwa sababu sisi huhesabu tangu tunapojilaza. Naamini namba moja haiwezi kutosha miili yote. Ila jambo jingine katika utafiti ule halinipi shaka: kwa wastani walisinzia zilipopita saa 3 na kidogo tangu jua kuzama, na wengi wakaamka kabla halijachomoza. Yaani kama unataka alfajiri, ianzie saa 3 na nusu usiku.

Basi unafanya nini? Panga saa ya kulala kwanza, ya kuamka itafuata. Chaji ya simu ihamie sebuleni. Kama foleni inakulazimu utoke saa 11, hilo si la kuamua, lakini tamthilia ya saa 3 usiku unaiamua wewe. Kisha linda saa mbili za kazi ngumu wakati kichwa chako kinafanya kazi, iwe asubuhi au alasiri, na usiziachie makundi ya WhatsApp. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi katikati na kuhamia nyingine, sehemu ya mawazo hubaki kule ulikotoka. Usiweke nia ya jumla. Ifunge kwenye kitu kinachotokea kila siku: nikishamaliza chai ya saa 4, nafungua faili la bajeti. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana kuhusu nia za namna hii, na katika yote ninayofundisha hili ndilo naona linadumu.

Na ule usemi kwamba tabia hujengwa kwa siku 21? Ulitoka kwa daktari wa kurekebisha sura wa New York, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuzoea uso mpya. Hakuwa anapima tabia. Phillippa Lally na wenzake wa London ndio waliopima, na watu walihitaji kati ya siku 18 na 254, katikati ikiwa 66. Ukiruka siku moja hujaharibu chochote.

Kwa wauguzi na walinzi wa zamu ya usiku, karibu yote haya yanapungua nguvu, na sitaki mtu awauzie ratiba ya bosi wa ofisini. Kinachosaidia ni chumba chenye giza, familia inayoheshimu kwamba saa 5 asubuhi ndio usiku wao, na zamu zinazokaa sawa kwa wiki kadhaa badala ya kurushwa huku na huku. Hilo la mwisho haliko mikononi mwao. Liko kwa anayepanga zamu, na huyo ndiye ningependa aje kwenye semina.