Monita tatu za 4K kwenye kompyuta ndogo: hesabu njia, si matundu

Mhariri mmoja wa video aliniita akiwa ameshanunua kila kitu: kompyuta ndogo ya mezani inayoenea kiganjani, monita tatu za 4K na adapta kadhaa. Monita ya kwanza iliwaka vizuri. Ya pili iliwaka, lakini kishale cha mausi kilikuwa kinarukaruka badala ya kuteleza. Ya tatu ilibaki nyeusi. "Fundi, matundu ni matatu na monita ni tatu," aliniambia. "Kasoro iko wapi?" Nyuma ya kompyuta kulikuwa na tundu moja la HDMI na mawili ya USB-C, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi kwa macho.

Tatizo ni kwamba tundu ni mlango tu. Picha inaanza safari yake ndani ya chipu, inapita kwenye njia yenye upana maalumu, inaingia kwenye kebo, ndipo inapokelewa na monita. Sehemu yoyote ya safari hiyo ikiwa nyembamba, safari nzima inakuwa nyembamba. Ndiyo maana kabla ya kugusa kebo naanza na chipu.

Ndani ya chipu ya michoro kuna sehemu ndogo zinazoandaa picha, na kila moja huhudumia monita moja. Idadi yake imepangwa kiwandani, hakuna adapta wala sasisho litakaloiongeza. Prosesa ya Intel N100, inayopatikana kwenye kompyuta nyingi ndogo, inahudumia monita tatu. Zile za Intel za familia ya Tiger Lake, zilizotoka mwaka 2020, zinafika nne. Mac mini ya M1 inaishia mbili, moja kwa Thunderbolt (njia ya kasi inayotumia tundu la umbo la USB-C) na nyingine kwa HDMI; ile ya M4 ya mwaka 2024 inafika tatu. Raspberry Pi 4 ina matundu mawili ya micro HDMI, lakini ukitaka 4K ya 60 Hz, yaani picha inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde, utaipata kwenye monita moja tu. Ukiunganisha mbili za 4K zote zinashuka hadi 30 Hz. Pi 5 ndiyo inayoendesha mbili kwa 60 Hz. Tafuta idadi hii kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa prosesa, kisha kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kompyuta yenyewe, kwa sababu huyu wa pili anaweza kuwa ameacha njia moja bila kuifikisha kwenye tundu lolote.

Chipu ya dada huyu mhariri ilikuwa na uwezo wa monita tatu, kwa hiyo tatizo lilikuwa mbele zaidi.

Sasa tufanye hesabu, na naomba usiiruke maana ndiyo inayookoa fedha. Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3. Kila pikseli inabeba biti 24 za rangi, na picha inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zidisha vyote utapata karibu gigabiti 12 kwa sekunde. Ongeza muda mdogo wa mapumziko kati ya picha na picha, unafika kama 12.5 kwa DisplayPort, njia nyingine ya kupeleka picha kwenye monita kama ilivyo HDMI. Hiyo ndiyo mizigo ya monita moja.

Upana wa njia nao unahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi si ile inayobeba picha. Katika matoleo mengi yanayotumika leo, kila biti 10 zinazosafirishwa, 8 tu ndizo za picha. HDMI 1.4 inatangazwa kwa gigabiti 10.2, lakini zinazobaki kwa picha ni 8.16, kwa hiyo 4K inaishia 30 Hz. HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, inatangazwa kwa 18 na kubeba 14.4, ambayo inatosha monita moja ya 4K kwa 60 Hz na haibakizi kitu cha maana. DisplayPort 1.2 inabeba 17.28. DisplayPort 1.4 inabeba 25.92, na hapo mambo yanaanza kupendeza: 12.5 mara mbili ni 25. Monita mbili za 4K zinaingia kwenye kebo moja, bila kubana hata rangi moja.

Niliposhika mausi ya dada huyu sikuhitaji kupima. Kishale kinachorukaruka hivyo ni 30 Hz. Tundu la HDMI lilikuwa la toleo 1.4, ingawa monita yake ilikuwa na uwezo wa 2.0.

Ile monita nyeusi ilikuwa na kisa kingine. USB-C ni umbo la tundu tu, halisemi kinachopita ndani yake. Moja ya matundu mawili ya USB-C ya dada huyu lilikuwa la data peke yake. Halikuwahi kuunganishwa na njia ya picha. Tazama alama iliyo kando ya tundu: herufi ya D yenye P ndani yake inaashiria DisplayPort, na umbo la radi lenye mshale linaashiria Thunderbolt. Kukiwa hakuna alama, usibashiri, fungua mwongozo. Thunderbolt 4 ina unafuu mkubwa hapa, kwa sababu masharti yake yanailazimu kompyuta iweze kuendesha monita mbili za 4K.

Basi tulikuwa na tundu moja la USB-C linalotoa DisplayPort 1.4, na monita mbili za kulisha. Hapa ndipo watu wengi wanaponunua kifaa kisicho sahihi. Ndani ya USB-C kuna njia nne za kasi. Doki, yaani kisanduku cha kuongeza matundu, yenye matundu ya USB 3 mara nyingi inachukua mbili kati ya hizo kwa ajili ya data na kuiachia picha mbili, kwa hiyo ule upana wa 25.92 unakatika katikati na kuwa 12.96. Monita moja itapita hapo, ya pili haina nafasi, isipokuwa vifaa vyote viwe na DSC, yaani ule ubanaji wa picha uliokuja na toleo 1.4. Nilimchagulia kigawa picha cha MST, yaani mfumo wa DisplayPort wa kupitisha picha za monita kadhaa kwenye kebo moja, kisicho na USB 3 kabisa, kinachoziacha njia zote nne kwa picha. Zote mbili ziliwaka kwa 60 Hz. Ile ya tatu tuliiacha kwenye HDMI kwa 30 Hz, akaiweka pembeni kwa orodha ya mafaili na barua pepe, kazi ambayo haihitaji mwendo.

Angekuwa na Mac nisingempa ushauri huo. macOS, mfumo endeshi wa Mac, haitumii MST kutandaza meza ya kazi. Monita mbili kwenye kigawa picha zitaonyesha kitu kilekile. Kwenye Mac kila monita ipate njia yake, au utumie doki ya Thunderbolt.

Kuna pia adapta za DisplayLink, zinazobana picha kwa programu na kuituma kama data ya kawaida ya USB. Hazihitaji njia ya picha kwenye chipu, kwa hiyo zinaweza kuvuka ule ukomo wa kiwandani. Gharama yake inalipwa na prosesa, na draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, lazima iwekwe. Kwa maandishi na majedwali nazikubali. Kwa mtu anayehariri video, hapana.

Kitu kimoja ambacho sijaona kikisemwa vya kutosha ni RAM. Kompyuta ndogo nyingi hazina kumbukumbu ya michoro ya pekee. Picha zinakaa kwenye RAM na kusomwa kutoka humo bila kupumzika. Monita moja ya 4K kwa 60 Hz inasoma karibu gigabaiti 2 kila sekunde, hata kama umekaa huku unaitazama tu. Tatu zinafika 6. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR4-2400 kinatoa kiwango cha juu cha gigabaiti 19.2 kwa sekunde, na humo humo prosesa nayo inataka kula. Weka vijiti viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye nafasi yake, upana unakuwa mara mbili. Kama prosesa inaruhusu njia moja tu ya kumbukumbu, kama hiyo N100, usitarajie monita tatu za 4K ziende pamoja na kazi nzito ya michoro.

Adapta nazo zina mwelekeo. Ile ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi ukiigeuza. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, na mara nyingi chenye umeme wake.

Wiki moja baadaye alinipigia simu. Kigawa picha kilikuwa kinawaka taa hata baada ya kuchomolewa kwenye kompyuta, na asubuhi monita zilikuwa zinagoma kuamka. Nilimwuliza kama amebadilisha kebo. Alikuwa ameongeza moja ndefu ya DisplayPort, ya bei rahisi. Pini ya 20 kwenye DisplayPort inatoa volti 3.3, na kebo iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni haiunganishi pini hiyo kutoka mwisho hadi mwisho. Hiyo yake ilikuwa imeunganishwa, kwa hiyo monita ilikuwa inakilisha umeme kigawa picha kwa kinyumenyume. Nilimwambia, "Dada, rudisha kebo ya zamani." Taa ikazima.