Mwani haukuua mbwa

Juzi barazani bwana mmoja alituhadithia kuwa "mwani wenye sumu" uliua mbwa kwenye ziwa la Loch Insh, Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shangazi yangu, aliyeshinda kutwa pwani ya Paje, Zanzibar, akifunga mwani, akauliza: "Na huu wetu?" Hapo nikashindwa kunyamaza.

Mbwa walikufa kweli. Waliowaua ni sianobakteria wa chini: bakteria wanaojipikia chakula kwa mwanga wa jua, wanaotanda juu ya mawe na tope la sakafuni mwa ziwa kama ukoga juu ya meno. Baadhi yao hutoa anatoksini, sumu inayopooza misuli hata ile ya kupumulia.

Tatizo ni jina. Wataalamu wa zamani waliona kitu cha kijani majini kinachoishi kwa jua, wakakiita mwani wa buluu-kijani, na jina likaganda. Lakini chembe ya mwani ina kiini ndani yake, ya bakteria haina. Mwani wa shangazi, huu unaolimwa kwetu kibiashara tangu 1989, uko mbali na bakteria hao kuliko mtu alivyo mbali na papa. Na "siano" nayo isikutishe. Ni Kigiriki, kyanos, buluu iliyoiva. Sayanaidi, ile sumu kali, imepata jina hapo hapo kwa sababu asidi yake ilitolewa kwanza kwenye rangi ya buluu ya wachoraji, mwaka 1782. Jina moja, sumu mbalimbali.

Halafu kuna hilo neno "chini", ambalo bwana wetu alilimeza kabisa. Uchafu wa kijani unaoelea Ghuba ya Winam, kule Kisumu, kila mtu anauona na kuukimbia. Hawa wa chini hustawi hata kwenye maji maangavu, kwani ndiyo yanayopitisha jua hadi sakafuni. Utando ukijaa mapovu ya oksijeni hung'oka, ukaelea hadi ufukweni, na mbwa akavutwa na harufu yake. Anayechota maji ya juu kuyapima hapati kitu.

Kwa hivyo, bwana wangu, hadithi yako ni njema, irudie hata kesho. Ila useme "utando wa sianobakteria", na uongeze "wa chini". Mwani tuachie, shangazi ana magunia mawili hajayauza.