Umelipia gemu kabla halijatoka, siku ikifika hupewi: simama wapi?

Septemba inapoelekea ukingoni, maduka ya elektroniki ya Arusha mjini huanza kupokea advansi za gemu jipya la mpira, lile ambalo vijana wengi bado wanaliita FIFA ingawa tangu 2023 linatoka kwa jina la EA Sports FC. FC 26 lilitoka tarehe 26 Septemba 2025. Malalamiko yanayotufikia majira hayo yanafanana: mteja alitanguliza pesa mapema, kafika dukani siku yenyewe, anaambiwa mzigo uko njiani, apite wiki ijayo. Akipita, anaambiwa vilevile.

Hasira yake ina msingi. Pesa hiyo huenda ni ya mwanafunzi aliyedunduliza kidogo kidogo, au ya mwenye kibanda cha gemu kule Ngarenaro, ambaye wateja wake watahamia kwa jirani mwenye toleo jipya. Kwa huyu wa kibanda, kila siku ya kuchelewa ni mapato yaliyokwenda kwa mwingine.

Hata hivyo, kabla sauti hazijapanda pale kaunta, kuna tarehe mbili za kutenganisha. Siku ya gemu kutoka hupangwa na kampuni iliyolitengeneza. Siku ya wewe kukabidhiwa hupangwa na makubaliano yako na duka. Ile ya kwanza husogezwa bila duka lolote la Arusha wala Moshi kuulizwa. Cyberpunk 2077 lilitangazwa kwa tarehe 16 Aprili 2020, likasogezwa hadi Septemba, kisha Novemba, mwishowe likatoka 10 Desemba. Grand Theft Auto VI liliahidiwa mwaka 2025, likapelekwa 26 Mei 2026, kisha 19 Novemba 2026. Zaidi ya hapo, waliolipia toleo la bei ya juu la FC 26 kwa kulipakua mtandaoni walifunguliwa wiki moja kabla ya wengine, kwa hiyo kumwona rafiki akicheza mapema si ushahidi kwamba muuzaji wako ameficha mzigo.

Mtengenezaji akichelewa, muuzaji hana kosa. Lakini kutokuwa na kosa hakumpi ruhusa ya kukalia pesa yako. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pale ambapo muda ndio kiini cha makubaliano na upande mmoja ukashindwa kuutimiza, upande wa pili unaweza kujitoa, na mkataba ukiisha kwa namna hiyo aliyepokea fedha huzirudisha. Lile bango la "Mali ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe hapa. Mali yenyewe hujakabidhiwa, utarudisha nini?

Swali la kumwuliza muuzaji, kwa utulivu, ni hili: mzigo haujafika, au umefika ukaisha? Jibu lake linabadilisha kila kitu. Kama haujafika, mnaweza kukubaliana siku mpya, au ukachukua pesa yako. Kama umefika na sidii uliyoilipia kauziwa mtu aliyeongeza dau, duka limevunja mkataba na hakuna cha kusubiri. Ni hivyo hivyo ukifika ukatakiwa kuongeza pesa juu ya bei mliyokubaliana. Na kama lilipokea advansi huku likijua kwamba halijaagiza chochote, huko ni kumpotosha mlaji, jambo lililokatazwa na Sheria ya Ushindani ya 2003.

Kwa wenye maduka: wengi wenu mnategemea mawakala wa Dubai, Nairobi au Kariakoo, na siku ya mzigo kufika haiko mikononi mwenu. Basi msiahidi siku ya uzinduzi. Mwambieni mteja ukweli kabla hajatoa pesa, hata kama atakwenda duka la pili.

Mteja naye asilipe kwa maneno matupu. Dai risiti ya EFD, na makubaliano yaandikwe japo kwa ujumbe wa simu: jina la gemu, bei, siku ya mwisho ya kukabidhiwa, na pesa kurudi ikipita. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi, kwa hiyo usiufute, wala ule wa malipo. Aina ya mashine nayo iandikwe. Sidii ya PlayStation 5 haichezi kwenye PlayStation 4, na PlayStation 5 ya kupakulia haina hata pa kuingizia sidii. Ukiuziwa namba ya kupakulia, uliza ni ya nchi gani, maana ya Marekani haitafunguka kwenye akaunti iliyosajiliwa Uingereza.

Muuzaji akigoma, mpe barua fupi yenye siku ya mwisho ya kurudisha pesa, ubaki na nakala iliyosainiwa. Siku hiyo ikipita, peleka nakala hiyo, risiti na ujumbe wako Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Arusha inayowahudumia na watu wa Moshi. Deni lenyewe linaweza kudaiwa Mahakama ya Mwanzo. Polisi nenda pale penye dalili za utapeli, mfano duka limefungwa na simu ya mwenyewe haipatikani tena.