Kisirili sio lugha, na Sirili hakuandika Kisirili

Mdogo wangu anaishi Ujerumani, juzi kanitumia picha ya chupa ya mchuzi mwekundu mzito kanunua kwenye duka la Wabalkani huko, juu ya lebo imeandikwa АЈВАР kwa maandishi makubwa, akauliza "kaka hiki Kisirili kinasemaje?" Na wiki hiyohiyo nimemsikia mtangazaji mmoja redioni anasema wachezaji wa timu fulani kutoka Bulgaria wanaongea Kisirili uwanjani. Nimeshasikia hili mara nyingi mno sasa, kwa hiyo leo naandika.

Kisirili ni herufi, basi. Ni mwandiko, kama zilivyo hizi herufi za Kilatini tunazoandikia Kiswahili. Hakuna mtu duniani anayeongea Kisirili. Warusi wanaandikia Kirusi, Waukraini wanaandikia Kiukraini, halafu wapo Wabelarusi, Wabulgaria, Waserbia, Wamasedonia, kila mmoja na lugha yake, na ukitoka nje ya Waslavi (ndo hao wote niliowataja, lugha zao ni ndugu) unakuta Wamongolia na Wakirgizi wanazitumia wakati lugha zao hazina undugu wowote na Kirusi. Upande wa pili Wapoland, Wacheki, Waslovakia, Waslovenia na Wakroeshia ni Waslavi kabisa lakini wanaandika kwa Kilatini. Yani Mslavi sio lazima atumie Kisirili, na anayetumia Kisirili sio lazima awe Mslavi.

Nadhani kinachotuponza sisi ni hiyo ki-. Ukisikia Kihaya, Kidigo, Kichina, kichwani inakuja lugha moja kwa moja, na Kisirili kinaingia kwenye foleni hiyohiyo bila mtu kukiuliza. Lakini ki- ina kazi nyingine ambayo wote tunaijua, ile ya namna: mtu anavaa kizungu, anaongea kitoto, anapika kipwani. Hapo hakuna lugha. Kuandika Kisirili ni kuandika kwa namna ya Sirili, ki- ya kipwani hiyo, sio ya Kidigo.

Na kwa kweli watu wa mwambao wetu ndo walitakiwa walielewe hili haraka kuliko wengine, maana wazee waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne, tenzi, barua, hesabu za biashara, kuna barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711 hadi leo zimehifadhiwa Goa kule India, na hakuna aliyesema kwamba kile ni Kiarabu. Mwarabu asiyejua Kiswahili angezitamka zile herufi vizuri tu na asingeambulia kitu. Hata Waslavi wenyewe wamepitia hapo, Waislamu wa Bosnia walikuwa wanaandika lugha yao ya Kislavi kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wenyewe unaitwa arebica, na walilazimika kuongeza alama kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, kama wazee wetu walivyohangaika na p na v na ch.

Sasa lile linaloniuma zaidi, maana hili la lugha na herufi mtu ukimweleza mara moja anaelewa. Linaloniuma ni sentensi inayofuata kila mara, kwamba "Kisirili kilivumbuliwa na Mtakatifu Sirili, ndo maana kinaitwa hivyo". Inasikika sawa kabisa. Sio sawa, na ukweli wake ni mzuri mno kuuacha upotee hivihivi.

Huyo Sirili alizaliwa Thesalonike, mji wa Wagiriki, miaka ya 820 hivi, na jina lake lilikuwa Konstantino. Msomi mkubwa, alifundisha falsafa Konstantinopoli hadi wakawa wanamwita Mwanafalsafa. Yeye na kaka yake Methodi walikijua Kislavi kwa sababu vijiji vya kuzunguka Thesalonike vilikuwa na Waslavi wengi. Mtawala wa Moravia, nchi ya Waslavi upande wa Cheki na Slovakia za leo, Rastislav, akaomba kwa mfalme Mikaeli wa Tatu wa Konstantinopoli apelekewe walimu watakaofundisha dini kwa lugha ambayo watu wake wanaielewa, na mwaka 863 ndugu hao wawili wakaenda. Kabla ya kuondoka Konstantino alitengeneza herufi, kwa sababu hakutaka kwenda mikono mitupu kufundisha watu wasio na maandiko ya lugha yao.

Herufi alizotengeneza sio Kisirili. Zinaitwa Glagolitsa, jina lililokuja baadaye kutoka neno la Kislavi cha kale glagol, maana yake neno, usemi. Na ukiziona hutazichanganya na kitu kingine: vitanzi, viduara, pembetatu, ya kwanza kabisa ni hii Ⰰ, msalaba, na wengi wanaamini aliuweka pale makusudi. Hakuchukua herufi za Kigiriki akazibandika. Alikaa akasikiliza Kislavi sauti kwa sauti na kila sauti akaipa alama yake, mpaka leo wanaisimu wanaistaajabia ile kazi kwa jinsi alivyokuwa na sikio.

Alipigwa vita sana. Venice alisimamishwa mbele ya mapadri waliosema Mungu anasifiwa kwa lugha tatu tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, na simulizi ya maisha yake inasema aliwauliza kama mvua ya Mungu hainyeshei wote sawasawa, halafu akaanza kuwahesabia mataifa yenye herufi zao, Waarmenia, Wageorgia, Wagothi, Waarabu, Wamisri na wengineo. Roma papa Adriani wa Pili akazikubali zile kitabu za Kislavi. Konstantino akaugua hukohuko Roma, akaingia utawa, akachukua jina jipya la kitawa, Sirili, na baada ya siku kama hamsini akafariki, tarehe 14 Februari 869. Amezikwa kwenye kanisa la Mtakatifu Klementi.

Kwa hiyo angalia hapo. Alipotengeneza herufi alikuwa anaitwa Konstantino, jina Sirili amekaa nalo siku hamsini tu mwishoni mwa maisha, na herufi zinazobeba jina hilo duniani kote hakuziona kwa macho yake.

(Sirili lenyewe ni Kigiriki, Kürillos, mzizi wake kyrios, bwana, ndo ileile ya Kyrie eleison inayoimbwa kanisani. Warusi wanasema Kirill kwa k kama Wagiriki, sisi tumelipokea kupitia Kilatini cha baadaye ambapo c ilishakuwa s.)

Kisirili chenyewe kilitoka wapi? Methodi alifariki 885, na wanafunzi wao wakafukuzwa Moravia, wengine walifungwa. Waliosalimika wakakimbilia Bulgaria kwa mfalme Boris, akina Klementi na Naumu, Klementi akapelekwa kufundisha upande wa Ohrid ambako leo ni Masedonia Kaskazini. Bulgaria ilikuwa na tatizo la kwake. Watu wa ikulu na makasisi walishazoea kusoma Kigiriki, hata maandishi ya kwenye mawe ya wafalme wao yalikuwa kwa herufi za Kigiriki, kwa hiyo vile vitanzi vya Glagolitsa vilikuwa vizito kwao. Ndipo mwishoni mwa karne ya 9 au mwanzoni mwa ya 10, wataalamu wengi wanasema ni Preslav, mji mkuu mpya wa Bulgaria, watu wakachukua herufi kubwa za Kigiriki zilizotumika kwenye vitabu vya kanisa, na kwa sauti ambazo Kigiriki hakina, sh, ch, ts, zh, wakaenda kuchukua kwenye kazi ya mwalimu wao. Hicho ndo Kisirili. Mwili wa Kigiriki, na humo ndani wameshonea vipande vya Glagolitsa. Aliyeketi akaifanya kazi hiyo hakuacha jina, zamani ilisemwa ni Klementi wa Ohrid ila wengi sasa hawakubali.

Na jina lilihamaje? Hapa kuna ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 1047 kule Novgorod, mji wa Warusi, kasisi mmoja anaitwa Upir Likhy alinakili vitabu vya manabii, mwishoni akaandika kwamba amenakili kutoka "kurilovitsa". Ukisoma harakaharaka utasema si ndo Kisirili hicho. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anaandika kwa Kisirili, kwa nini aseme ametoa kutoka Kisirili? Na nakala zilizobaki za kazi yake zina herufi za Glagolitsa zimeponyoka humo katikati ya maneno, kama mtu anayenakili akasahau kubadilisha. Wataalamu wengi wanalisoma hivi: mwaka 1047 neno "mwandiko wa Sirili" lilikuwa bado ni jina la Glagolitsa, mahali pake panapostahili. Baadaye Glagolitsa ikapotea kwenye macho ya watu wa mashariki, jina likabaki linaelea, likatua kwenye herufi zilizokuwepo.

Ilikobaki hai ni pwani ya Kroeshia, na huko nako ikapewa baba mwingine. Mapadri wa kule walisema ni herufi za Mtakatifu Jeromu, aliyefariki mwaka 420, Sirili hajazaliwa kwa karne nne, na kwa dai hilo mwaka 1248 papa Inosenti wa Nne akamruhusu askofu wa Senj, mji wa pwani hiyohiyo, aendelee kusalia kwa herufi hizo. Kitabu cha kwanza kuchapwa cha Wakroeshia, misale (kitabu cha misa) ya mwaka 1483, ni Glagolitsa. Kazi ya Sirili ikaitwa ya Jeromu, na kazi ya wanafunzi wa wanafunzi ikaitwa ya Sirili. Mimi kila nikifika hapa najisikia vibaya kwa niaba yake.

Simlaumu anayesema Kisirili. Ndo jina lake, halitabadilika, na wanafunzi waliomheshimu mwalimu wao hawakukosea kumwekea jina hata kama ndivyo ilivyotokea. Ninachoomba tu ni kwamba tuseme "kimeitwa kwa jina la Sirili" na sio "alikivumbua Sirili", na tuseme "imeandikwa kwa Kisirili" halafu ndo tuulize ni lugha gani. Mara nyingi herufi zenyewe zinakujibu. Ukiona ї hiyo karibu hakika ni Kiukraini. Ukiona ў, kwa lugha za Waslavi, ni Kibelarusi. Ъ ikiwa katikati ya neno imekaa kama irabu, kama kwenye България, hicho ni Kibulgaria. Ukiona ј basi sio Kirusi kabisa, hiyo ni herufi ya Kilatini, Vuk Karadžić, mtaalamu wa lugha wa Kiserbia, aliiingiza kwenye kamusi yake ya Kiserbia mwaka 1818 na watu wa kanisa wakamjia juu kwa kuleta herufi ya Kilatini, na Wamasedonia waliporasimisha alfabeti yao 1945 nao wakaichukua.

Kwa hiyo mdogo wangu nimemjibu hivi. Hilo neno linasomwa "aivar". Р ni r kwa sababu ni rho ya Kigiriki, В ni v kwa sababu Wagiriki wa enzi zile walishaitamka v, А ni Kigiriki pia, na Ј ndo hiyo ya Vuk. Chini yake kwa maandishi madogo imeandikwa печени пиперки, pilipili hoho zilizochomwa, na kwa hilo пиперки ni Kimasedonia, Mserbia angeandika паприка. Chupa imetoka upande uleule wa Ohrid alikokuwa anafundisha Klementi. Nikamwambia avute picha aangalie neno печени, herufi ya tatu, hiyo ч. Kwenye lebo nzima ile ndo herufi pekee ambayo inaaminika imetoka kwenye Glagolitsa, kwa mkono wa Konstantino mwenyewe kabla hajaitwa Sirili, nyingine zote ni za Wagiriki na moja ya Kilatini. Akanijibu kwamba ameshaifungua, tamu sana na mkate.