Kunakili faili si kuweka mfumo: kadi ya CompactFlash ndani ya kompyuta ya zamani

Kijana anayejifunza kazi kwangu hapa Kisumu alinijia juzi uso umemshuka. Alikuwa amechukua kadi ya CompactFlash, ile kadi ya kumbukumbu ya kamera, akaichomeka kwenye laptopu yake, akanakili humo faili zote za MS-DOS 6.22, mfumo wa uendeshaji wa zamani wa Microsoft, kisha akaifunga ndani ya kompyuta ya 486 (jina la chipu yake kuu) ya mteja wetu. "Fundi, kila kitu kimo. Nimehesabu faili moja moja. Mbona haiwaki?" Skrini ilikuwa nyeusi, na kistari kimoja kinapepesa juu kushoto. Hakuna zaidi.

Hakukosea kuhesabu. Alichokosa ni maana ya neno "kuweka" tunaposema tunaweka mfumo wa uendeshaji. Wengi hudhani ni kuhamisha faili kutoka hapa hadi pale, kama unavyohamisha magunia kutoka kwenye lori hadi ghalani. Kwenye kompyuta mpya kosa hilo halionekani, kwa kuwa programu ya usakinishaji hufanya yaliyobaki bila kukuuliza. Kwenye mashine ya mwaka 1994 linakukodolea macho.

Kwanza, kwa nini kadi ya kamera ikae mahali pa diski ngumu? Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na vichwa vinavyoelea juu yake kwa upana mdogo kuliko unywele. Baada ya miaka thelathini, beringi zimechakaa na mafuta yamekauka. Mashine tunayoizungumzia ni ya mama mmoja aliyefundisha upigaji chapa katika chuo cha uhazili, enzi zile WordPerfect 5.1 na Lotus 1-2-3 ndizo zilizoitwa "kusoma kompyuta". Diski yake ilianza kulia kama jiwe la kusagia. Kumtafutia nyingine ya umri huohuo ni kumnunulia maradhi yaleyale. Kadi ya flashi haina kinachozunguka, haipigi kelele, na hata mtu akiigonga meza hakuna kichwa cha kukwaruza sahani.

Ila si kila kadi. Ile ndogo ya simu, au flashi ya USB, haizungumzi lugha ya mashine hii. USB ilitoka mwaka 1996, na 486 haijui hata kwamba kuna kitu cha namna hiyo. CompactFlash, iliyoletwa na SanDisk mwaka 1994, ni tofauti kabisa, na mimi huiona kuwa mojawapo ya vitu vilivyobuniwa kwa akili nyingi katika kazi yetu. Ndani yake mna kidhibiti kinachoelewa amri zilezile za IDE, yaani njia ya kuunganisha diski katika mashine hizi, zinazotumwa kwa diski ngumu. Adapta unayoiona ikiwa na matundu ya pini 50 upande mmoja na pini 40 upande wa pili haitafsiri chochote. Ni nyaya tu, zinazopeleka pini hii kwa ile. Upande wa kompyuta, hiyo ni diski. Na kadi zenyewe zipo mjini: wapiga picha za harusi waliotumia kamera kubwa za Canon na Nikon za miaka ya 2000 wanazo kwenye droo, wengi wao hawazihitaji tena.

Sasa turudi kwa kistari kinachopepesa.

Unapobonyeza swichi, kompyuta haijui faili ni nini. Haijui folda, haijui jina lolote. Kinachofanya kazi wakati huo ni BIOS, programu ndogo iliyochomwa kwenye chipu ya ubao mkuu, na BIOS inajua jambo moja tu kuhusu diski: soma sekta ya kwanza kabisa, baiti 512, iweke kwenye kumbukumbu, anza kutekeleza kilichomo. Katika baiti hizo 512, 446 za mwanzo ni za programu fupi sana, 64 zinazofuata ni jedwali linaloonyesha diski imegawanywaje, na 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho, 55 na AA kwa mfumo wa hesabu wa kumi na sita (heksadesimali). Programu hiyo fupi hutazama jedwali, hutafuta sehemu iliyotiwa alama kwamba ndiyo hai, kisha husoma sekta ya kwanza ya sehemu hiyo. Sekta hiyo nayo ina programu nyingine fupi, ambayo ndiyo ya kwanza kujua kwamba kuna faili iitwayo IO.SYS. IO.SYS huita MSDOS.SYS, na mwishoni COMMAND.COM inakuandikia C:\> ili uanze kazi.

Kuweka mfumo ni kuiunga minyororo hii yote. Faili ni pete za mwisho tu. Kadi ya kijana wangu ilitoka kwenye kamera, na kamera haina haja ya kuandika programu katika sekta ya kwanza, kwa hiyo palikuwa patupu. BIOS ilikwenda, ikakuta sifuri, ikapotelea humo.

Uzuri wa mashine hizi ni kwamba mnyororo ukikatika hukuambia umekatikia wapi, ukijua kuusikiliza. Ukiona "Missing operating system", programu ya sekta ya kwanza imefanya kazi, lakini ilipofika mwanzo wa sehemu iliyo hai haikukuta alama ya uthibitisho. Ukiona "Non-System disk or disk error", umevuka hatua mbili, ila IO.SYS haikupatikana mahali ilipotarajiwa. Ukiona "Bad or missing Command Interpreter", umebakiza hatua moja, nayo ni COMMAND.COM. Baadhi ya BIOS za kampuni ya AMI huandika "NO ROM BASIC", maneno yanayowatisha watu bure. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna sehemu iliyotiwa alama ya kuwa hai. Nilimfanya kijana aziandike kwenye daftari, kwa kuwa fundi anayesoma ujumbe vizuri hafungui mashine mara kumi.

Dawa yake ni amri tatu, ukiwa umeiwasha mashine kwa disketi ya DOS. FDISK hugawa kadi na kutia alama ya sehemu hai. FDISK /MBR huandika programu ya sekta ya kwanza, na hii msiiruke, kwa sababu FDISK ya kawaida ikikuta kadi tayari ina jedwali halali haigusi programu iliyo juu yake, hata kama ni tupu. Kisha FORMAT C: /S husafisha sehemu na kupanga IO.SYS, MSDOS.SYS na COMMAND.COM ilivyo kanuni. Neno "kupanga" nimelikusudia: DOS inataka IO.SYS iwe ya kwanza katika orodha ya faili. Ukiinakili kwa mkono baada ya faili nyingine ipo, lakini haionekani na anayeitafuta.

Kuna fumbo la pili, na hili ndilo lililonichukua miaka kulielewa vizuri.

Mtu akikuelekeza nyumbani kwake Kondele hakupi nambari moja ya nyumba. Anakwambia: shuka hapa, hesabu ploti ya tatu, mlango wa saba. Mkikubaliana kila ploti ina milango kumi, utafika. Lakini akiwa anahesabu milango kumi na wewe unahesabu kumi na sita, utabisha kwa mtu msiyejuana. Kompyuta za zamani huelekezana hivyohivyo kwenye diski: silinda fulani, kichwa fulani, sekta fulani. Kadi ya flashi haina silinda wala kichwa, ina chipu tu, lakini inajifanya inavyo ili mashine iielewe.

BIOS ya 486 nyingi huhesabu silinda zisizozidi 1,024, vichwa 16 na sekta 63 kwa kila kichwa. Zidisha, kisha zidisha kwa baiti 512: unapata baiti 528,482,304. Ndiyo maana kadi ya gigabaiti 4 huonekana kama ya megabaiti 504. Haijaharibika, na hujatapeliwa dukani. Mashine imefika mwisho wa vidole vyake. Kwa DOS hiyo ni nafasi tele: MS-DOS 6.22 yenyewe ilikuja kwenye disketi 3 za megabaiti 1.44.

Ugumu unaanza pale unapoandaa kadi kwenye mashine mpya zaidi, ambayo huhesabu vichwa 255 badala ya 16. Chukua sekta ya 5,000 kutoka mwanzo. Kwa mashine ya vichwa 16, iko silinda 4, kichwa 15, sekta 24. Kwa ile ya vichwa 255, sekta hiyohiyo iko silinda 0, kichwa 79, sekta 24. Programu ya kuwashia iliyoandikwa kwa hesabu ya pili itaiomba 486 kichwa cha 79, na 486 haina kichwa hicho. Faili zipo, mpangilio ni sahihi, sekta ya kwanza iko sawa, na bado mashine inagoma. Kwa hiyo kanuni yangu haibadiliki: kadi igawanywe na kufomatiwa ndani ya mashine ileile itakayoishi humo. Faili za kazi waweza kuzinakili baadaye kutoka laptopu bila wasiwasi, mradi amri zile tatu zimefanyika nyumbani kwake.

Kuna jambo la kadi kujitambulisha pia. Kadi nyingi hujitaja kuwa ni kifaa cha kuchomoka, si cha kudumu. DOS haijali. Windows XP inajali, na ina masharti kuhusu kugawa kifaa cha namna hiyo. Anayetaka kuweka XP atafute kadi ya viwandani inayojitaja kuwa diski ya kudumu.

Watu huniuliza kama flashi haichoki. Inachoka. Fujio Masuoka wa Toshiba aliyeiwasilisha mwaka 1984 aliijenga ili ifutwe kwa kifungu kizima mara moja. Jina lenyewe lilipendekezwa na mwenzake aliyefananisha kufutwa huko na mwanga wa kamera. Kila kufuta kunakula kidogo ukuta mwembamba unaozuia chaji isivuje. Kadi bora huvumilia takriban mara 100,000 kwa kila kifungu, za bei nafuu elfu chache, na kidhibiti husambaza kazi ili sehemu moja isiumie peke yake. DOS huandika kidogo, hasa pale unapohifadhi barua, kwa hiyo mama wa WordPerfect hana la kuhofia. Windows 95 na 98 zenye RAM ndogo ndizo huandika mchana kutwa kwenye faili ya akiba, ile inayotumika RAM ikijaa. Huko ongeza RAM kwanza.

Mengine ni ya mkono. Waya bapa una mstari mwekundu, nao uelekee pini ya 1. Jampa ya adapta, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini, iwe kwenye nafasi ya diski kuu (master). Betri ya CR2032 ibadilishwe, la sivyo kila stima ikipotea BIOS itasahau diski uliyoitambulisha. Na kwenye ubao wa 486 wenye betri ya pipa iliyochomelewa, itoe leo hii: huvuja na kula njia za shaba, na nimezika bao nzuri kwa sababu hiyo.

Kadi ya mama ilipowaka, kijana aliinamisha sikio karibu na kasha kwa mazoea. Kimya, ila feni. Kisha nikamwonyesha namna ya kunakili inayotosha kweli: kuisoma kadi nzima sekta kwa sekta kwenye laptopu, kuanzia ile ya kwanza ya baiti 512 hadi ya mwisho, na kuihifadhi kama faili moja. Nakala hiyo ikiandikwa kwenye kadi ya pili itawaka kwenye mashine ileile bila amri yoyote, kwa kuwa imebeba mnyororo wote. Kadi ya pili tu iwe ya modeli ileile. Mbili zilizoandikwa ukubwa mmoja na watengenezaji tofauti mara nyingi hutofautiana idadi ya sekta, na pengine hata hesabu ya vichwa zinayoitaja.