Kansa ya matiti imeisha, sasa nile nini isirudi?

Wadada na kina mama wengi wakishamaliza kemo na mionzi, hili ndo swali wanalokuja nalo kliniki, na kabla hata sijajibu unakuta mtu ameshaacha nyama, maziwa, sukari, mpaka uji wa lishe kisa kaambiwa kwenye grupu la WhatsApp kwamba una soya. Mimi ni mtaalamu wa lishe, nashughulika na wagonjwa wa kansa, na hili la uji linaniuma kwelikweli maana ndo kitu pekee wengine wanaweza kumeza wakati huo.

Soya ina isoflavoni, vitu vinavyofanana kidogo na homoni ya estrojeni, ndo woga ulikoanzia. Lakini kule Shanghai walifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliotibiwa kansa ya matiti, majibu yakatoka 2009, na waliokula soya nyingi ndo ugonjwa uliwarudia mara chache kuliko waliokula soya kidogo. Haimaanishi soya ni dawa, ila kunywa uji wako bila hofu. Vidonge vya soya hivyo achana navyo.

Sasa kuna tafiti mbili kubwa za Marekani ambazo natamani kila mgonjwa azijue. Ya kwanza, WINS, ya 2006, ilichukua wanawake 2,437, kundi moja likapunguza sana mafuta kwenye chakula, na baada ya kama miaka mitano waliorudiwa walikuwa asilimia 9.8 upande wa waliopunguza mafuta na 12.4 upande wa pili. Mwaka uliofuata ikatoka WHEL, wanawake 3,088, kundi moja likala mboga na matunda kwa wingi kweli, na juisi ya mboga karibu nusu lita kila siku, wakafuatiliwa miaka saba, na mwisho waliopata kansa ya matiti tena walikuwa asilimia 16.7 upande wa mboga na 16.9 upande wa pili, yaani hamna tofauti! Mboga zile zote. Ila angalia kitu kimoja, wale wa WINS walipungua uzito kidogo, kama kilo mbili na nusu hivi kuliko wenzao, wa WHEL hawakupungua. Hatuwezi kuapa kwamba uzito ndo sababu, lakini mimi nauangalia sana, kwa sababu mwanamke akishakoma hedhi mafuta ya mwilini ndo yanakuwa kiwanda kikuu cha estrojeni, na kansa nyingi za matiti zinaitegemea hiyo homoni.

Na huku kwetu mgonjwa akitoka hospitali ndugu wote wanamwambia kula mama upate nguvu, anapewa soda, chipsi, chai ya sukari vijiko vitatu, supu yenye mafuta yanaelea, na kemo yenyewe inawanenepesha wengi, mwaka ukiisha nguo hazimtoshi. Sukari hailishi kansa moja kwa moja kama mnavyoambiana, shida yake ni hizo kilo. Kwa hiyo ugali punguza, mchicha na maharage ongeza, samaki mchemshe au mchome badala ya kukaanga, tembea kila siku, na pombe bora uiache kabisa. Lakini kama umekonda na hamu ya kula hamna, haya ya kupungua hayakuhusu, wewe kula na karanga na mayai na maziwa.

Kinachonitisha zaidi ya vyote ni anayeacha tamoxifen, dawa ya kuzuia estrojeni isiiamshe kansa, akanywa majani ya mistafeli. Kwa kansa yenye vipokezi vya estrojeni, yaani ile inayoitegemea homoni hiyo, tamoxifen ya miaka 5 inapunguza kurudi kwa ugonjwa karibu nusu katika miaka hiyo, hakuna chakula kilichowahi kufika hapo. Mistafeli haijathibitishwa kwa binadamu kwamba inazuia kansa isirudi, na kule Guadeloupe, visiwa vya Karibiani, ulaji wake wa muda mrefu umehusishwa na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka. Kama unatumia majani, unga au vidonge vyovyote vya vitamini ulivyouziwa, vifungashe uje navyo kliniki pamoja na dawa zako tuviangalie kimoja kimoja, hakuna atakayekugombeza.