IgE mahususi ya nyanya: kipimo kinasema nini na hakisemi nini

IgE mahususi ni kiasi cha kingamwili za aina ya IgE, zile zinazoleta mzio, ambazo mwili umetengeneza dhidi ya kitu kimoja tu, hapa protini za nyanya. Kingamwili hizi hujibandika kwenye seli za ngozi, utumbo na njia ya hewa. Nyanya ikiingia, seli hizo humwaga histamini, na ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi mtu huwashwa mdomo, hutoka mabaka, huvimba midomo au hubanwa kifua. Kipimo cha damu hakioni lolote kati ya hayo. Kinahesabu kingamwili zilizomo kwenye damu, basi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa nazo na bado akala nyanya miaka yote bila shida.

Damu hutolewa kwenye mshipa wa mkono, mililita 3 hadi 5, ikawekwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Huachwa igande kama nusu saa, kisha huzungushwa kwenye mashine ili seramu, yaani majimaji ya damu, itengane. Huna haja ya kufunga kula, wala kuacha setirizini, dawa ya kutuliza mzio; dawa hiyo huvuruga kipimo cha kuchoma ngozi, si hiki cha damu. Seramu hudumu siku kadhaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo maabara ya Arusha au Moshi inaweza kutoa damu na kuisafirisha ipimwe kwingine. Uliza mapema majibu yanarudi lini.

Uliza na jambo jingine kabla hujalipa: wanapima IgE *ya nyanya* au IgE ya jumla? Ya jumla hupanda kwa minyoo, kichocho, pumu au ukurutu, na haikuambii chochote kuhusu nyanya. Vifurushi vya vyakula vingi vinavyopima IgG ni vya kuachwa kabisa. IgG ni aina nyingine ya kingamwili; huonyesha kwamba umezoea kula kitu hicho, na nani hapa hali mchuzi wa nyanya?

Majibu huandikwa kwa kilouniti kwa lita. Mstari wa zamani wa kutenganisha jibu hasi na chanya ni 0.35, ingawa mashine za sasa husoma hadi 0.10. Maabara nyingi huongeza daraja, 0 hadi 6: daraja la 2 ni kuanzia 0.70 hadi chini ya 3.5, la 6 ni 100 na kuendelea. Namba ikipanda, uwezekano wa mzio wa kweli nao hupanda. Haitabiri ukali. Mwenye 1 anaweza kuvimba koo, mwenye 15 akaishia kuwashwa ulimi.

Shida kubwa ya nyanya ni kufanana na mimea mingine. Ina protini iitwayo profilini, ambayo imo pia kwenye chavua za nyasi, na mahindi nayo ni jamii ya nyasi. Mtu wa mafua ya mzio, ambaye kingamwili zake zinalenga profilini ya chavua, anaweza kuonekana ana mzio wa nyanya ilhali hana. Sukari zilizoshikamana na protini za mimea huleta udanganyifu huohuo, na kwa kuwa baadhi ya vimelea wana sukari zinazofanana nazo, aliyewahi kuugua kichocho anaweza kupata jibu la juu lisilo na maana yoyote mezani.

Profilini huharibika kwa moto. Ndiyo sababu wapo wanaowashwa na kachumbari lakini mchuzi wanakula vizuri. Protini nyingine, ile inayosafirisha mafuta na ambayo ni nyingi kwenye ganda, haivunjwi na moto wala tumbo. Anayeathirika nayo huumwa hata na nyanya ya kopo, na ndiye wa kuangaliwa kwa uzito zaidi.

Jibu likiwa hasi wakati dalili ni za wazi, daktari anaweza kuchoma nyanya mbichi kwa sindano kisha ngozi, maana dondoo ya nyanya inayotumika maabara huwa haina kila protini. Wekundu kuzunguka mdomo wa mtoto mara nyingi ni asidi tu, na kiungulia si mzio. Dawa za kupulizia shambani, zinazosingiziwa sana sokoni, hazionekani kwenye kipimo hiki.

Kwa daktari nenda na maelezo: ilikuwa mbichi au imepikwa, kiasi gani, dakika ngapi kabla ya dalili, na nini kingine kilikuwa kwenye sahani. Asiporidhika atapanga ulishwe nyanya hospitalini, kuanzia kipande kidogo na kuongezwa kila dakika 20 hadi 30, adrenalini ikiwa mkononi. Usijijaribie hilo nyumbani.